Tarehe ya Fundi

Mafundi cherehani na ahadi ni paka na maji, kila mtu anajua. Ukiambiwa njoo Ijumaa, usisahau kuuliza ni Ijumaa ya mwezi gani. Ukifika utakuta kitambaa chako kimekunjwa vilevile ulivyokileta, na fundi atakutazama kwa huruma kana kwamba wewe ndiye uliyemchelewesha.

Mke wa fundi friji hakuwa wa kundi hilo. Kwa miaka ishirini na miwili alishona sare za shule katika chumba cha mafundi wanne, nyuma ya duka la vitambaa, na hakuna mzazi aliyeondoka pale mikono mitupu siku aliyoambiwa aje. Shule zilipokaribia kufunguliwa, wenzake wakigombania pasi moja, yeye za kwake alikuwa amekwisha kuzikunja, kuzifunga uzi na kuzipanga kwenye rafu kwa majina ya watoto. Walimwita Mama Mapema. Mwanzoni lilikuwa jina la kumcheka. Baadaye likawa jina lake tu.

Mumewe alikuwa kinyume chake, na si kwa uvivu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza friji, na hakuna mtu anayeita fundi wakati friji yake inagandisha vizuri. Kazi ya namna hiyo humfundisha mtu kungoja. Humfundisha pia kwamba kitu kilichoharibika kinaweza kurudi, ukikifungua taratibu na ukajua pa kugusa.

"Wewe unangoja kiharibike," mkewe alizoea kumwambia. "Mimi nangoja nini?"

"Ndiyo maana tumefaana," alijibu. "Kinachokuponyoka wewe, nitakikuta mimi huku nyuma."

Walikuwa na binti mmoja. Alipokuwa kidato cha tatu, mama yake alianza kuvimba miguu, na siku moja binti akampeleka hospitali. Wakiwa wamekaa kwenye benchi, wakingoja mpaka wakachoka, binti akamwona mwanamke mmoja nyuma ya dirisha la kioo, amevaa koti jeupe, ameinamia darubini. Akatazama, akaandika, akatazama tena.

"Yule anafanya nini?"

"Anatazama damu yangu," mama yake akasema. "Daktari anamngoja yeye. Asiposema yule, daktari hana la kusema."

Kuanzia siku hiyo binti hakuwa na neno jingine. Alitaka kusomea kazi ya maabara. Na mama yake, ambaye siku hiyohiyo aliambiwa kwamba figo zake hazina muda mrefu, hakulia wala hakumwambia mtu. Alirudi nyumbani, akakusanya mabaki ya sare, bluu na kijivu, akashona jalada la kitambaa lenye mifuko mitatu.

Ilikuwa bado karibu miaka miwili kabla ya binti kufanya mtihani wa mwisho. Mama hakujali. Alikwenda kwa mwalimu mkuu, akauliza vyuo vinataka nini. Alituma watu, alipiga simu, aliandika barua kwa mkono wake. Mfuko wa kwanza ulikuwa wa chuo cha maabara, kilichokuwa mji mwingine, safari ya saa tano kwa basi. Hicho ndicho kilichotakiwa. Wa pili ulikuwa wa chuo cha ualimu, hapohapo mjini. Wa tatu ulikuwa wa uhazili, kama mambo yote yangekwenda kombo. Ndani ya kila mfuko alitia fomu, nakala za cheti cha kuzaliwa, picha nne ndogo na barua ya mwalimu mkuu. Penye matokeo paliachwa wazi. Na juu ya kila mfuko akabandika kwa pini kipande cha karatasi chenye tarehe.

Siku zake za mwisho alimwita mumewe karibu na kitanda. "Matokeo yakitoka, mpe jalada. Kabla ya hapo usimpe, atasoma fomu badala ya vitabu. Liko kabatini, upande wangu, chini ya magauni."

"Nimesikia."

"Umesikia au unaitikia?"

"Nimesikia, mama watoto."

Alifariki mwezi wa tano. Binti alifanya mtihani mwezi wa kumi akiwa amevaa sare ambayo mama yake alikuwa ameipunguza kiuno miezi sita kabla, kwa sababu alijua mtoto atakonda. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza matokeo yakatoka. Amefaulu, na baiolojia na kemia ndizo zilizong'ara kuliko zote.

Fundi friji alifurahi, na furaha yake ilimtia hofu. Alijua sasa inambidi kufungua kabati upande wa mkewe. Tangu mazishi hakuwahi kuufungua. Alikuwa amefungua mashine za watu ambazo ndani yake panya walikuwa wamefia, hakuwahi kuogopa mlango. Huu aliuogopa. Alisema kesho. Kesho ikaja na kazi zake, akasema Jumapili. Jumapili ikaja, akaenda kutengeneza friji ya bucha ambayo ingeweza kungoja hadi Jumatatu.

Alifungua siku ya kumi na sita ya mwezi wa pili, mchana, binti akiwa sokoni. Magauni yalikuwa bado yana harufu yake. Aliyasogeza kama mtu anayesogeza pazia la chumba cha mgonjwa, akalitoa jalada, akaketi nalo kitandani.

Mfuko wa kwanza, chuo cha maabara: tarehe kumi na mbili, mwezi wa pili.

Aliisoma mara tatu. Siku nne zilikuwa zimepita.

Alitazama mwandiko ule, ule wa kuandika vipimo vya watoto wa watu: herufi ndogo, tarakimu zilizosimama wima. Katika miaka yote ya ndoa yao hakumwona mkewe akikosea tarehe. Namba ya simu ya chuo ilikuwa imeandikwa pembeni, akaiingiza kwenye simu yake ili apige aulize. Hakupiga. Hakutaka sauti ya mtu asiyemjua imwambie kwamba kazi ya mwisho ya marehemu ameiangusha yeye, kwa woga wa mlango wa kabati. Alilirudisha jalada mahali pake, akayashusha magauni juu yake.

Karatasi ya mfuko wa pili, ule wa ualimu, ilikuwa na tarehe ya mwezi wa tatu. Muda wake ulikuwepo. Na hapo, katika ile akili ya fundi inayosema pasipopona hapa tutaunga pale, akajiwekea nia ambayo hakuipenda hata yeye.

Alianza jioni hiyohiyo, binti akiosha vyombo.

"Ualimu nao si kazi mbaya," alisema.

"Nani kasema ni mbaya?"

"Nasema tu. Na chuo chake kiko hapa hapa. Unatoka asubuhi, jioni umesharudi."

"Nimerudi nikupikie."

"Nani kataja kupika? Kupika najua."

"Baba, juzi umepika wali ukawa uji."

"Ulikuwa uji mzuri."

Siku nyingine binti angecheka. Alisuuza sahani, akaisimamisha, akachukua nyingine. "Na maabara?"

"Maabara tutaona. Siku hazijaisha duniani."

Binti alikausha mikono, akaitundika taulo kwenye msumari, akaenda chumbani kwake akafunga mlango bila kuubamiza. Baba yake angependa aubamize.

Wiki nzima ikapita hivyo. Walisalimiana, walikula, waliulizana habari za maji na umeme. Kila mmoja alikuwa na jambo kooni. Baba aliona jinsi binti anavyomtazama, akadhani ameshajua kwamba muda umepita na anangoja akiri. Mara mbili alifungua kinywa akaishia kuomba chumvi.

Siku ya ishirini na tatu, mmoja wa wale mafundi wanne alimtumia ujumbe aje achukue vitu vya marehemu, maana wamempata fundi mpya na hana pa kukaa. Huyu alikuwa mwanamke mnene mwenye maneno, aliyeshona cherehani ya jirani na marehemu, bega kwa bega, tangu ujana wao. Kazi aliyosifika nayo ilikuwa vifungo, kwa hiyo walimwita Bi Vifungo.

"Karibu, shemeji," alisema bila kuinuka. "Mafriji yote ya mji huu yamepona leo?"

"Yamenipa ruhusa."

"Tumekungoja tangu mwezi wa sita. Mwenzio angekuwa yeye, angekuja kuvichukua kabla hajafa."

Fundi wa kando akamkazia macho. Bi Vifungo akatazama sindano yake. "Nisamehe, shemeji. Ulimi wangu umemzoea. Bado namtania."

"Usiache," alisema. "Nyumbani hakuna anayemtania."

Alipewa kigoda chenye mto, mkasi mkubwa na kopo la chaki. Alikuwa anavifunga kwenye gazeti alipoinua macho ukutani. Marobota ya sare zilizokatwa yalikuwa yamepangwa kwenye rafu, kila moja na karatasi iliyobandikwa kwa pini. Alisoma la karibu bila kukusudia. Tarehe kumi na tano. Alisoma la pili. Tarehe kumi na nane.

"Hizi zimepitwa," alisema. "Wenyewe hawajaja juu?"

"Zimepitwa na nini?"

"Tarehe. Hii ni ya kumi na tano. Leo ishirini na tatu."

Bi Vifungo akacheka, kicheko cha kwanza katika chumba kile tangu aingie. "Shemeji, umelala na yule mwanamke miaka ishirini na zaidi na hukujua ujanja wake? Hiyo ni tarehe ya fundi. Ya mteja iko mbele wiki mbili. Alitufundisha yeye. Alisema fundi akijua siku ya kweli ataitumia yote, kwa hiyo mfiche. Tulimwambia anajidanganya mwenyewe. Akasema ndiyo, na nimejizoea, najiamini."

"Wiki mbili."

"Wiki mbili kamili. Kila kitu. Hata pilau ya harusi ya… Shemeji, vipi? Kaa. Mleteeni maji."

Hakukaa. Alisema asante, akatoka na mkasi mkononi, kigoda akakiacha palepale. Barabarani alijumlisha kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Kumi na mbili, na kumi na nne. Ishirini na sita. Safari hii akapiga simu, amesimama kando ya mtaro, sikio moja amelizibia kelele za pikipiki. Sauti ya mwanamke ikamwambia ndiyo, mwisho ni tarehe ishirini na sita, saa kumi jioni, na kwa sasa hawapokei kwa posta, aje mwombaji mwenyewe na mzazi wake.

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Marehemu alimwachia kumi na nne, naye nyingine zote amezila kwa kunyamaza.

Alimkuta binti mezani anachambua mchele. Aliingia chumbani, akatoka na jalada, akaliweka mbele yake, juu ya meza, kando ya sinia.

"Hili ni lako. Mama yako aliniachia nikupe matokeo yakitoka. Sikukupa."

Binti alilitazama, hakuligusa.

"Niliogopa kufungua kabati. Nilipofungua nikaona tarehe imepita, nikadhani nimekuharibia. Nikaona aibu kukwambia. Yale maneno ya ualimu, sikuwa nayaamini. Nilikuwa naziba tundu. Leo ndiyo nimejua kwa Bi Vifungo kwamba tarehe za mama yako…"

"Ziko nyuma wiki mbili," binti akasema.

Baba akageuka kumtazama.

"Baba, mimi likizo zote nilikuwa nashona vifungo pale. Nani hajui? Na tangazo la chuo lilibandikwa shuleni. Mwisho ni tarehe ishirini na sita."

"Ulikuwa unajua."

"Najua tangu mwezi wa kumi na moja."

"Na ukakaa kimya."

"Na wewe ulikaa kimya." Sauti yake haikupanda. Mikono iliendelea kuchambua, ikitoa mchele mzuri pamoja na mawe. "Nilijua jalada lipo, nilimwona akilishona. Matokeo yakatoka, nikangoja. Ukaanza habari za ualimu, na chuo kiko hapa hapa, na jioni nimerudi. Nikasema basi, Baba hataki niende. Hawezi kukaa peke yake, na kulisema hawezi."

"Mimi nimekwambia hivyo?"

"Ungeniambia, ningekuuliza. Hukuniambia kitu, nikajijibu."

Fundi friji akavuta kiti, akaketi. Alitaka kusema kwamba ni kweli, hawezi kukaa peke yake. Kwamba nyumba hii akirudi jioni akikuta hamna mtu hajui atafanyaje. Yote hayo yalikuwa kweli. Aliyatafakari, akaona kwamba si ya kumpa mtoto ayabebe.

"Ungeacha siku ipite?" aliuliza.

Binti alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema tu ili mwenzake afurahi, na katika hilo alimrithi mama yake. "Sijui. Kuna siku nilisema nitakuomba jalada tarehe ishirini na nne. Kuna siku nilitaka ipite tu, ili nisiwe mimi niliyekuacha."

"Basi sikiliza, mama," alisema, na hivyo ndivyo alivyomwita tangu akiwa mchanga. "Sitaki uende. Na utakwenda. Hayo mawili yote ni yangu, wewe usiyashike."

Binti akasukuma sinia kando. Ndipo machozi yalipoanza kumtoka, kwa mara ya kwanza mbele ya baba yake tangu siku ya mazishi, na baba yake hakumwambia anyamaze.

Waliitoa fomu. Kurasa nne, zimejazwa kwa ule mwandiko uliosimama wima. Jina la mwombaji. Mwaka wa kuzaliwa. Shule. Matokeo binti aliyajaza mwenyewe, kwa kalamu, polepole, akilinganisha na karatasi ya shule. Sehemu ya mzazi ilikuwa na jina la baba na kazi yake, na jina la mama na kazi yake: fundi cherehani. Chini yake palikuwa na mstari mmoja uliochapwa: Baba, yu hai au amefariki. Mama, yu hai au amefariki. Kata isiyohusika.

Kwa baba, neno amefariki lilikuwa limekatwa, kwa mstari mmoja ulionyooka. Kwa mama hapakukatwa kitu.

Hakuna hata mmoja aliyeweza kudhani kwamba alisahau. Mtu aliyehesabu picha, akaandika kwa penseli nyuma ya kila moja ni ya chuo gani, hasahau mstari. Alifika pale, akiwa hai, kalamu mkononi, akaona kwamba hapa ukweli wa leo hautakuwa ukweli wa siku ya kupeleka. Uongo hakuuandika. Ukweli nao hakutaka kuwatangulizia. Aliruka, akaendelea na mstari unaofuata.

"Nipe mimi," binti akasema.

"Hapana."

Alivaa miwani yake ya kazi. Alichukua kalamu, akaweka ukingo wa karatasi ya matokeo chini ya yale maneno mawili ili mkono usiyumbe, kama anavyofanya akitia alama kwenye bomba kabla ya kulikata. Kisha akalikata neno yu hai. Aliinua kalamu, akapuliza wino ukauke. Akatia sahihi penye nafasi ya mzazi, nafasi ya mmoja.

Kesho yake walipanda basi la kwanza. Binti aliliweka jalada magotini, na kila basi lilipopiga tuta alilishika.

Karani wa chuo alikuwa mwanamke wa makamo, amechoka na foleni. Alipekua karatasi moja baada ya nyingine, kidole kikishuka, kikishuka. Kwenye ukurasa wa tatu kidole kilisimama kidogo, kikaendelea. "Kila kitu kipo," alisema, kana kwamba halikuwa jambo la kila siku. "Wiki hii yote nimewarudisha watu. Huyu hana picha, huyu hana barua. Nani kawapangia?"

"Mama," binti akasema.

Karani aliwatazama wote wawili. Aligonga muhuri, akaandika namba, akasema majina ya waliochaguliwa yatatoka baada ya wiki sita, na wasipige simu kabla.

Nje, upande wa pili wa uwanja, kulikuwa na jengo refu lenye madirisha mapana, na ndani watu waliovaa makoti meupe wakipita. Binti alisimama. Mlinzi aliyekuwa mlangoni aliwaona wakitazama, akasema waombaji huruhusiwa kuchungulia, lakini mmoja mmoja, na wasiguse kitu.

"Twende, Baba."

"Kasema mmoja mmoja."

"Nitakuja kukuita na wewe uone."

"Mimi nitaelewa nini humo? Nenda."

Alisita kidogo, kisha akaenda. Alivuka uwanja kwa mwendo wa kawaida, akasema jambo na mlinzi, akafuta viatu kwenye mkeka. Baba yake alingoja ageuke ampungie mkono. Hakugeuka. Mlango ukajifunga nyuma yake, naye akatafuta kivuli, akaketi juu ya ukuta mfupi, akaanza kungoja.